Mapato ya blogu yaanzie kwa msomaji anayerudi, matangazo ya Google yafuate

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niseme na wasomaji wako wanaoendesha, au wanaotamani kuendesha, blogu na majarida ya mtandaoni kwa nia ya kujipatia kipato. Ushauri unaosambaa kuhusu kazi hii ni ule ule: fungua blogu, bandika matangazo ya Google, andika kila siku, pesa zitaingia. Waandishi wengi wenye vipaji wameufuata, wakachoka kabla mwaka haujaisha, kisha wakaamini kwamba kasoro ni yao. Kasoro iko kwenye mpangilio. Matangazo ya mnada, yaani hayo ya Google, yametangulizwa ilhali nafasi yake ni ya mwisho, na msomaji anayerudi, ambaye ndiye mtaji wenyewe, hatajwi kabisa.

Hesabu yake ni hii. Mapato ya matangazo hupimwa kwa kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa. Tuseme blogu inapata dola 1 kwa kila kurasa 1,000, na inatembelewa mara 200 kwa siku, kila mgeni akifungua kurasa mbili. Hizo ni kurasa 400 kwa siku, kurasa 12,000 kwa mwezi, yaani dola 12. AdSense, yaani huduma ya matangazo ya Google, kwa akaunti zinazohesabiwa kwa dola, haitoi malipo mpaka salio lifike dola 100. Kwa mwendo huo salio litafika huko mwezi wa tisa, na fedha zenyewe zitatumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata. Sasa chukua blogu hiyo hiyo. Ziara 6,000 za mwezi huenda zimetoka kwa watu 1,500. Wakijitokeza 30 kati yao, yaani asilimia 2, wakalipa ada ya dola 20 kwa mwaka, ni dola 600, wakati matangazo yangeleta dola 144 kwa muda huo huo. Viwango hivi ni vya mfano. Kila mtu aweke vyake. Lakini aviweke kabla ya kununua hata jina la tovuti.

Kiwango cha kurasa 1,000 hakitegemei ubora wa uandishi peke yake. Kila ukurasa unapofunguliwa, mnada hufanyika ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, na watangazaji hupandisha au kushusha dau kulingana na nchi aliko msomaji, lugha ya makala, mada, aina ya kifaa na majira ya mwaka. Makala kuhusu bima, mikopo au programu za biashara huvutia dau kubwa kuliko ushairi au habari za wasanii. Miezi ya mwisho wa mwaka dau hupanda kwa sababu watangazaji wanamalizia bajeti, Januari hushuka. Mwenye blogu asiyelijua hilo huiona Januari, akadhani ameharibu kitu, akaanza kubomoa tovuti iliyokuwa nzima. Tena, tangu mwanzoni mwa 2024 AdSense hulipa kwa tangazo kuonekana, si kwa kubofywa kama zamani, na mwenye tovuti hubakiwa na takriban asilimia 68 ya alichotoa mtangazaji. Kwa hiyo zile mbinu za kuwabembeleza watu wabofye zimepitwa na wakati, licha ya kwamba zilikuwa kosa tangu mwanzo.

Ndiyo maana nasema mtaji wa kwanza ni orodha ya barua pepe za wasomaji. Injini ya utafutaji ikibadilisha vigezo vyake, wageni hupungua usiku mmoja. Ukurasa wa mtandao wa kijamii ukifungwa, wafuasi wote hupotea. Anwani ambazo watu wamekupa kwa hiari yao hubaki nawe hata ukihama kutoka mtambo mmoja kwenda mwingine, maana unaweza kuzipakua kama faili la kawaida na kuzipakia kwingine.

Fomu ya kujiunga iwekwe mwishoni mwa makala, pale msomaji anapokuwa ameridhika, na nyingine ndani ya makala ndefu. Iombe barua pepe tu. Kila kisanduku unachoongeza, jina, simu, umri, kinapunguza watakaojaza. Iahidi kitu mahususi: "Kila Alhamisi utapata uchambuzi mmoja wa mikataba ya kazi" inaeleweka kuliko "Jiunge upate habari zetu." Tumia uthibitisho wa hatua mbili, yaani mtu akijaza fomu apokee ujumbe wenye kiungo cha kuthibitisha. Utapoteza wachache ambao hawatathibitisha, lakini utaepuka anwani za uongo, na hizo ndizo zinazochafua sifa ya mtumaji.

Sifa ya mtumaji ni jambo ambalo wengi hulijua baada ya barua zao kuanza kutupwa kwenye kapu la barua taka. Kabla ya kutuma barua ya kwanza, weka rekodi tatu kwenye mipangilio ya domeni yako (jina la tovuti): SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM, inayotia saini kila barua, na DMARC, inayoeleza barua isiyopita vipimo hivyo ifanywe nini. Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo zinazidai rekodi hizi kwa watumaji wa barua nyingi, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku kwenda Gmail lazima aweke pia njia ya kujiondoa kwa kubofya mara moja. Malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3, afadhali yabaki chini ya asilimia 0.1. Orodha ya kununua huvuka kiwango hicho kwa barua ya kwanza tu, kwa hiyo usiinunue hata ukiuziwa kwa bei ya bure.

Usiamini sana takwimu za barua zilizofunguliwa. Tangu 2021 programu ya barua ya Apple inaweza kupakua picha za barua kabla mpokeaji hajaisoma, hivyo mtambo wako huandika kwamba imefunguliwa. Angalia waliobofya viungo na waliojibu. Asiyebofya chochote kwa miezi sita mwandikie ujumbe mmoja kumuuliza kama bado anataka, asipojibu, mwondoe. Orodha ya watu 800 wanaosoma ni mali kuliko ya 5,000 waliolala, tena watumaji wengi hutozwa kwa idadi ya majina.

Baada ya hapo ndipo uuze nafasi za matangazo moja kwa moja. Huku ndiko kwenye fedha kwa blogu ndogo yenye mada inayoeleweka, na ndiko waandishi wanakokuogopa, kwa sababu kunahitaji kumwandikia mtu na kumwomba biashara. Ushauri wangu: tengeneza ukurasa mmoja tu wa maelezo. Utaje mada ya jarida, wasomaji ni watu wa kazi gani, ziara za mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, idadi ya walio kwenye orodha ya barua pepe, nafasi zilizopo, vipimo vyake kwa pikseli, na muda. Takwimu ziwe za kweli na zitokane na chombo kimoja cha kupimia, maana mtangazaji makini atakuomba picha ya ripoti.

Uza kwa muda, wiki au mwezi, badala ya kuuza kwa mbofyo. Blogu yenye ziara 6,000 ikiuza kwa mbofyo hugeuka kuwa mtumishi wa tangazo baya ambalo mtangazaji mwenyewe kalichora. Bei usiipange kwa kuangalia unacholipwa na AdSense. Ipange kwa thamani ya mteja mmoja kwa mtangazaji. Mwenye kozi anayebakiwa na faida ya dola 20 kwa kila mwanafunzi, tangazo likimletea wanafunzi watano kwa mwezi, amepata dola 100. Ukimwomba dola 40 kwa mwezi, mnaelewana, na hizo ni zaidi ya mara tatu ya zile dola 12. Ili aone kweli kwamba wanafunzi hao wametoka kwako, mpe kiungo chenye alama za ufuatiliaji au neno la punguzo linalotumika kwenye jarida lako peke yake. Mtangazaji anayeona matokeo kwa macho yake hurudi bila kuombwa, na asiyeona chochote haondoki na kinyongo ikiwa alijua mapema kwamba mtapima pamoja.

Mkataba hauhitaji kurasa nyingi, lakini usikosekane. Uandike tarehe ya kuanza na ya kuisha, nafasi, ukubwa, nani anachora tangazo na litakabidhiwa lini, malipo yatatangulia yote au nusu, na tovuti ikilala kwa siku mbili siku hizo zitafidiwa vipi. Njia rahisi ni kuongeza muda. Andika pia kwamba jarida lina haki ya kukataa tangazo, na kwamba mtangazaji hana sauti juu ya habari. Toa ankara yenye namba na tarehe ya mwisho ya kulipa. Mgogoro wa kawaida katika biashara hii ni tangazo lililokwisha kuonyeshwa mwezi mzima ambalo mwenyewe anasema hakuliona. Piga picha ya ukurasa siku ya kwanza na siku ya mwisho, uzitume pamoja na ankara. Na mtangazaji mmoja asizidi theluthi ya mapato yako yote. Akizidi, siku atakapokupigia simu kulalamikia makala utajikuta unaisoma upya kwa macho yake.

Makala za kulipiwa zinafaa, kwa sharti moja lisilojadiliwa: maneno "Makala ya kulipiwa" yakae juu, kabla ya aya ya kwanza, kwa herufi zinazosomeka. Viungo vilivyomo viwekewe alama ya rel="sponsored", inayoiambia injini ya utafutaji kwamba kiungo kimelipiwa, ambayo Google iliileta mwaka 2019 kwa kazi hiyo hasa; alama ya zamani ya nofollow nayo bado inakubalika. Kiungo kilicholipiwa kisichokuwa na alama ni uuzaji wa viungo, na adhabu yake inaweza kuwa tovuti nzima kushuka katika matokeo ya utafutaji. Utapokea barua nyingi kutoka kwa watu usiowajua, wakiomba kuchapisha "makala ya mgeni" yenye kiungo cha kamari au mikopo, wakitaka kiungo kibaki milele na bila alama. Wakatae wote. Tangu 2024 Google ina sera mahususi dhidi ya tovuti zinazokodisha sifa yake kwa maudhui ya watu wengine, na kilicholipwa mara moja hakiwezi kufidia wasomaji watakaopotea.

Ada za wanachama nazo zina hesabu yake. Watu hawalipii habari wanayoipata bure kwingine. Hulipia kazi inayowaokolea muda au fedha: jedwali la zabuni lililosasishwa, uchambuzi wa sheria mpya, mkusanyo wa mitihani iliyopita na majibu yaliyoelezwa, uchunguzi ambao hakuna mwingine aliyeufanya. Acha sehemu kubwa ya jarida iwe wazi ili wageni waendelee kukufahamu, kisha funga kile kinachotumika kazini.

Ada ndogo ya kila mwezi huliwa na makato. Mtambo wa malipo kama Stripe, kwa viwango vyake vya kawaida vya Marekani, hukata asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila muamala. Kwenye dola 2 ni karibu senti 36, yaani asilimia 18 imekwenda. Kwenye dola 20 za mwaka ni senti 88, asilimia 4.4 tu. Hivyo sukuma ada ya mwaka mbele, na kama ni lazima uwe na ya mwezi, iwe ya kiasi kisichoumizwa na zile senti 30. Substack, mtambo wa kuchapisha jarida na kupokea ada ulioanza 2017, hukata asilimia 10 ya mapato juu ya makato ya kadi, na haidai kitu usipouza. Ghost, mtambo mwingine wa aina hiyo, haikati asilimia, ila unalipia mtambo kila mwezi, au unauendesha kwenye seva yako ikiwa una mtu wa kuihudumia. Anayeanza na wanachama wachache hupata nafuu kwenye asilimia. Mapato yakikua mpaka asilimia 10 ikapita gharama ya mtambo, ahame. Hakikisha kwanza kwamba mtambo wa malipo unafanya kazi katika nchi yako, kwa sababu Stripe haipo kila mahali na Substack huitegemea.

Wanachama huondoka, na baadhi yao bila kukusudia: kadi imeisha muda, benki imekataa. Washa ujumbe wa kumkumbusha mtu kabla kadi yake haijaisha muda na mtambo ujaribu tena malipo yaliyokwama. Wakiondoka asilimia 5 kila mwezi, wanachama 100 wa leo watakuwa takriban 54 baada ya miezi 12. Anayehesabu wapya tu bila kuwahesabu wanaotoka hujidanganya.

Kamisheni ya mauzo, yaani kulipwa msomaji anaponunua kupitia kiungo chako, ina faida kwa blogu zinazolinganisha vifaa, vitabu au programu. Amazon ilianzisha mpango wake 1996, na masharti yake yanafaa kujulikana mapema: mgeni akibofya kiungo chako, kuki (faili dogo linalomtambulisha mgeni) hudumu saa 24 tu, kwa hiyo akinunua keshokutwa kwa kawaida hupati kitu, na usipoleta mauzo matatu yanayostahili ndani ya siku 180, akaunti hufungwa. Maelezo kwamba unapata kamisheni lazima yaonekane. Kuna mipango mingine yenye kuki za siku 30 au zaidi, hasa ya programu na huduma za tovuti. Kasoro ya njia hii ni viungo kufa: bidhaa huondolewa, na makala nzuri hubaki ikimpeleka msomaji ukutani. Kila robo mwaka pitia viungo vyote kwa programu ya kukagua viungo vilivyokatika.

Sasa AdSense yenyewe, kwa anayeitaka, maana si haramu kuwa nayo ilimradi ikae mahali pake. Mwombaji awe ametimiza miaka 18 na tovuti iwe mali yake. Kabla ya kuomba, soma orodha ya lugha zinazokubaliwa. Weka ukurasa unaoeleza jarida ni la nani, wa mawasiliano, na wa sera ya faragha unaotaja kuki za watangazaji. Ondoa kurasa tupu na kategoria zenye makala moja. Jibu la kukataliwa linalotoka mara nyingi ni "maudhui yenye thamani ndogo", na chanzo huwa ni habari zilizonakiliwa, tafsiri za mashine zisizohaririwa, au makala fupi zinazorudia kichwa cha habari. Kuomba tena kesho yake bila kubadilisha kitu ni kupoteza muda.

Ukikubaliwa, andika anwani ya posta kwa usahihi, kwa sababu salio likifika dola 10 namba ya siri hutumwa kwa barua ya karatasi. Isipoingizwa ndani ya miezi minne, matangazo husimamishwa. Jina la akaunti lilingane na la benki. Jaza fomu ya kodi ya Marekani. Kwa mtu binafsi asiye raia wala mkazi wa huko ni W-8BEN. Usipoijaza, unaweza kukatwa kodi kubwa kuliko unayostahili. Fomu hiyo huisha nguvu mwishoni mwa mwaka wa tatu baada ya mwaka uliosaini, basi iandike kwenye kalenda.

Kisha kuna faili la ads.txt, lililobuniwa 2017 kuzuia watu kuuza matangazo kwa jina la tovuti zisizo zao. Lina mstari mmoja kwa kila muuzaji uliyemruhusu, na linakaa kwenye mzizi wa domeni, si ndani ya folda. Namba yako ya mchapishaji ikikosewa tarakimu moja, au faili likiwekwa mahali pengine, wanunuzi husita kutoa dau na mapato huporomoka bila maelezo. Lifungue mwenyewe kwenye kivinjari kwa kuandika jina la tovuti likifuatiwa na /ads.txt, ukiona maandishi yako, liko sawa.

Usibofye matangazo yako hata kwa majaribio. Usiingie vikundi vya "nibofyee nikubofyee", usinunue wageni, usiandike "bofya hapa" juu ya tangazo. Kinachoruhusiwa ni kichwa kama "Matangazo". Akaunti ikifungwa kwa mibofyo batili, salio hurudishiwa watangazaji, na kuirejesha ni kazi ngumu kweli kweli.

Nafasi ya tangazo kwenye ukurasa ina athari kuliko wingi wake. Kipimo cha pikseli 300 kwa 250 kina wanunuzi wengi na kinatosha kwenye simu na kompyuta. Kitengee nafasi yake tangu ukurasa unapochorwa, la sivyo tangazo likichelewa kuja maandishi yataruka chini ya kidole cha msomaji. Google hupima mruko huo na huutaka usizidi 0.1, pamoja na sehemu kuu ya ukurasa kuonekana ndani ya sekunde 2.5. Kwenye simu matangazo yasizidi asilimia 30 ya urefu wa makala. Hicho ndicho kiwango cha Coalition for Better Ads, umoja unaoweka viwango vya matangazo ya mtandaoni, na kivinjari cha Chrome kilianza 2018 kuzuia matangazo kwenye tovuti zinazokiuka viwango vya umoja huo. Picha zibanwe kabla ya kupakiwa. Msomaji anayelipia data kwa kipimo hasahau ukurasa uliommalizia kifurushi kwa picha moja ya kilobaiti 3,000 ambayo ingetosha kwa 100.

Kuhusu maandishi yenyewe nitasema machache. Makala inayojibu swali moja mpaka mwisho, ikasasishwa kila taarifa zinapobadilika, huleta wasomaji kwa miaka. Habari ya kukimbizana hufa jioni. Kuzalisha mamia ya makala kwa mashine ili kunasa watafutaji kumetajwa wazi katika sera za Google za Machi 2024 kuwa ni matumizi mabaya. Picha zenye leseni ya Creative Commons yenye alama NC haziruhusu matumizi ya kibiashara, hivyo tovuti ikishaanza kuuza matangazo au uanachama usizitumie bila kumwomba mwenyewe. Jarida lenye matoleo ya mara kwa mara liombe namba ya ISSN, yaani namba ya kimataifa ya utambulisho wa majarida yenye tarakimu nane, kutoka kituo cha kitaifa au kile cha kimataifa kilichoko Paris. Haikupi hakimiliki, lakini maktaba hulitambua jarida, na wafadhili wa machapisho huuliza.

Jambo la mwisho ni umiliki, na hapa watu huumia sana. Domeni isajiliwe kwa jina la mwenye jarida, kamwe isiwe la fundi aliyeijenga. Barua pepe ya akaunti ya usajili isiwe ya domeni hiyo hiyo: domeni ikiisha muda, barua hiyo nayo hufa, na ujumbe wa kukukumbusha kulipa hautaufikia mkono wako. Kwa majina ya .com, baada ya muda wa neema kuna kipindi cha siku 30 cha kulikomboa kwa ada kubwa zaidi, halafu mtu yeyote anaweza kulichukua. Chukua nakala rudufu ya hifadhidata na mafaili kila wiki, ihifadhi nje ya seva, na ujaribu kuirejesha mahali pa majaribio angalau mara moja. Nakala isiyowahi kujaribiwa huenda ni faili bovu. Weka uthibitisho wa hatua mbili wa kuingia, yaani nywila pamoja na namba ya muda kutoka kwenye simu yako, kwenye usajili wa domeni, seva, mtambo wa malipo na barua pepe.

Fedha ziingie akaunti yake, tofauti na ya nyumbani. Jedwali lenye tarehe, chanzo, kiasi kabla ya makato, makato na kilichopokelewa linatosha kwa mwanzo, na litakusaidia wakati wa kulipa kodi. Gawa kila chanzo kwa idadi ya wasomaji ujue kila mmoja anakuletea kiasi gani kupitia njia ipi. Kwa kuwa kazi ya Januari hulipwa mwishoni mwa Februari au baadaye, weka akiba ya gharama za miezi mitatu kabla hujaacha ajira nyingine.

Nawe Mhariri, nina ombi. Gazeti lako linapochapisha makala za kipato cha mtandaoni, mwandishi atakiwe kuonyesha hesabu kamili: kurasa zilizofunguliwa, kiwango kwa kila kurasa 1,000, makato, gharama za domeni na seva, na miezi iliyopita kabla ya malipo ya kwanza. Pia mkataba wa tangazo wa ukurasa mmoja, ukichapishwa kama kielelezo katika ukurasa wa teknolojia, utawafaa vijana wengi wanaouza nafasi zao kwa maneno matupu ya mdomoni.

Ahsante kwa nafasi.

Msomaji wako,
Mhariri wa majarida ya mtandaoni